Masanduku Matatu Matupu

Mwanao akikuonyesha kazi yake na wewe hujaielewa, usimwambie ni nzuri. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Wengine watasema mimi Irmeli nazidisha chumvi, jambo lilishapita. Na waseme. Mimi nilimwambia Pihla kazi yake ni nzuri sana, nilimwambia Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza saa nne asubuhi, na neno hilo likatugharimu wote wawili.

Pihla ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Anakaa Turku, treni mbili kutoka hapa Varkaus. Mimi niliishia darasa la sita, nikaingia jikoni kwenye kantini ya kiwanda cha karatasi, na nikatoka huko na magoti mabovu na moyo unaopiga ovyo. Kusoma kulinisumbua tangu utotoni. Herufi zinageuka, mstari wa chini unapanda juu, nikifika mwisho wa sentensi nimeshasahau ilianzaje. Siku hizi wataalamu wana jina la tatizo hilo. Zamani waliokuwa nalo waliitwa wajinga, basi.

Pihla hajaniita mjinga hata siku moja. Miaka mitatu iliyopita alikuja Krismasi, akachukua tableti yangu, akaiwekea herufi za watu kama mimi: nene upande wa chini, kila moja na umbo lake, ili zisigeukegeuke.

"Sasa ukurasa wowote utakaoufungua utavaa herufi hizi, mama," akasema. "Wenyewe wapende wasipende."

Nikasoma utabiri wa hali ya hewa wote, mpaka wa Lapland kule kaskazini kabisa, bila kusimama. Kisha nikaenda chooni nikalia kidogo, maana kwetu mtu halii mezani mbele ya wenzake.

Sasa, sisi tunaoishi peke yetu na kuhudumiwa nyumbani tuna programu ya kwenye mtandao. Kila asubuhi kabla ya saa nne unaifungua na kubonyeza kitufe. Vilikuwa vitatu, na vyote vilikuwa na maneno. Cha juu: *Niko salama*. Cha kati: *Nipigieni simu*. Cha chini: *Sipo nyumbani*, kwa siku ambazo mtu amesafiri, ili muuguzi asije kugonga mlango bure. Usipobonyeza chochote wanakupigia. Ukibonyeza cha juu hawakupigii, ila siku zako za kutembelewa zinabaki palepale. Mimi siku zangu ni Jumanne na Ijumaa, na muuguzi wangu anaitwa Raila. Huja kupima damu, hujaza kisanduku cha vidonge vya wiki mbili, hunywa kahawa kikombe kimoja akiwa amesimama, na kunisimulia mambo ya mbwa wake mgonjwa.

Pihla aliomba kazi kwenye kampuni inayotengeneza programu hiyo kwa sababu aliniona nikihangaika nayo. Wakamchukua mwezi wa tisa, miezi sita ya majaribio, mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Alikuwa amekaa bila kazi mwaka na nusu. Nilikuwa nikihesabu miezi hiyo kwenye kalenda ya jikoni kama mtu anayengoja kutoka jela.

Huwa ananipigia Jumapili. Jumapili moja akanieleza mpango wake.

"Maneno yataondoka, mama. Zitakuja picha. Jua, simu, na mlango uliofungwa."

"Utachora wewe? Wewe ulichora ng'ombe mwalimu akauliza ni meza gani."

"Acha bwana! Sichori mimi. Kuna fonti nzima, seti ya herufi kama zile zako, ila badala ya a na b kuna jua na simu na mlango. Unaipakia mara moja, imekwisha. Tena vitufe vyetu vyote vinatoka kwenye kipande kimoja tu. Kila ukurasa unakiazima hichohicho. Nikikibadilisha pale kinapotoka, kinabadilika kote."

"Kama kile kikatio changu cha biskuti."

"Ndiyo hicho! Umeelewa kuliko mkubwa wangu."

"Kikiwa na pengo, biskuti zote zinatoka na pengo."

"Basi nitaangalia pengo," akasema, akacheka.

Akanieleza kwamba kampuni inataka kuuza programu kule pwani wanakosema Kiswidi, na picha haihitaji mkalimani. Hata vipofu amewawekea maneno nyuma ya picha, mashine iwasomee kwa sauti. Kisha akashusha sauti. "Lakini zaidi nilikufikiria wewe. Nilitaka asubuhi moja uamke usilazimike kusoma kitu."

Jumatatu hiyo simu ikalia saa nne kasorobo. Pihla hanipigii siku ya kazi. Nyuma yake nikasikia watu wakiongea, vikombe vinagongana.

"Mama! Ipo tayari! Fungua."

Nikafungua. Kulikuwa na vitufe vitatu vya buluu, vyote sawa, na ndani ya kila kimoja kisanduku kidogo cha mistari myembamba. Kitupu. Kama dirisha la nyumba ambayo bado haijaingiwa na mtu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Ehe?"

Nilitazama vile visanduku. Nikafikiri, labda ndio mtindo wa sasa. Siku hizi hata viti wanauza visivyo na mgongo na watu wananunua. Nikafikiri pia, watu wale nyuma yake wanasikiliza.

"Nzuri sana," nikasema.

"Kweli?"

"Safi kabisa, mwanangu."

"Jamani, mama yangu amependa!" akapaza sauti huko, na mtu akapiga makofi. Nilikuwa sijamsikia Pihla akipigiwa makofi tangu alipomaliza shule.

Simu ilipokatika nikabonyeza kitufe cha juu, kama nilivyokuwa nikifanya kwa miaka miwili. Zamani ukurasa uliofuata uliandika *Asante, Irmeli*. Sasa kikaja kisanduku kingine, kikubwa zaidi, kitupu vilevile. Nikafunga tableti nikaenda kumenya viazi.

Jambo ambalo sikulijua wakati huo ni hili. Mkubwa wa Pihla, bwana mmoja anayeitwa Tero, aliagiza kitufe kinachobonyezwa zaidi kishuke chini, karibu na kidole gumba. Jua likashushwa chini. Mlango uliofungwa ukapandishwa juu.

Kesho yake, Jumanne, Raila hakuja. Nilikuwa nimeweka vikombe viwili na mkate wa iliki niliooka asubuhi. Saa sita nikarudisha kikombe kimoja kabatini. Nikasema atakuwa na mafua, mwezi wa kwanza kila mtu ana mafua.

Ijumaa hakuja. Nikiwa dirishani nikaliona gari lake dogo jeupe likipita barabara yetu. Lilipunguza mwendo kwenye barafu ya kona, kisha likaendelea. Nilikuwa nimeshainua mkono. Nikaushusha polepole, nikajifanya natengeneza pazia, ingawa hakukuwa na mtu wa kuniona.

Wakati wa vuli ilikuwa imekuja barua kwamba huduma zitapunguzwa. Nikajua nimepunguzwa mimi. Mtu atasema, kwa nini hukupiga simu ukauliza? Ninyi mnaouliza hivyo hamjalelewa kwetu. Mama yangu alivunjika mkono na akakamua ng'ombe siku tatu kabla ya kumwambia mtu. Kusumbua watu ni aibu kuliko kuumwa. Tena niliogopa jambo la pili: nikipiga nitaulizwa, "Umebonyeza nini?" na nitajibu sijui, ni masanduku tu. Habari ingefika kwa Tero kwamba kazi ya Pihla haieleweki, na mwezi wa pili bado haujaisha.

Kwa hiyo kila asubuhi nikabonyeza sanduku la juu. Hakuna aliyenipigia, na mimi sikumpigia mtu. Theluji ilianguka siku nne mfululizo, na kwenye uwanja wa nyumba yetu nyayo zilikuwa za mtu wa kuzoa theluji peke yake. Nilianza kuiachia redio iwake hata nikiwa usingizini mchana, maana nikiamka kwenye kimya nilikuwa nachukua muda kukumbuka kama ni leo au jana.

Jumapili Pihla akapiga.

"Kuna habari?"

"Hakuna."

"Raila hajambo? Mbwa wake amepona?"

"Amepona," nikasema. Huyo mbwa hata sijui kama yu hai.

Jumanne ya pili nikahesabu vidonge vya kupunguza uzito wa damu. Vilibaki vinne. Nikachukua kisu cha mkate nikavikata nusu, vikawa siku nane. Msifanye hivyo, narudia, msifanye. Daktari alikuja kunieleza baadaye ni nini kingeweza kutokea kichwani mwangu, na sitaki kuyaandika maneno yake hapa. Lakini nilipokuwa nakata nilijiona mwerevu. Mwezi wa pili ukiisha, Pihla akishaajiriwa, ndipo nitasema. Huo ndio ulikuwa mpango wangu.

Jumapili ya pili Pihla alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Alhamisi nakaa na Tero. Ndiyo siku anayoamua, nikae au niondoke. Unajua nitamwambia nini?"

"Mwambie unaamka mapema."

"Mama! Nitamwambia kuna mtumiaji wangu mmoja, miaka sitini na tisa, shule darasa la sita, kusoma kwake shida. Wiki mbili anatumia picha zangu na hajaniuliza swali hata moja. Wewe ndiye shahidi wangu."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Kuna kitu?"

"Kahawa ni ya moto," nikasema.

Siku tatu nilitembea na neno hilo, shahidi. Jumatatu jioni ni zamu yangu ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, kwenye jengo letu, saa kumi na mbili mpaka saa moja. Zamani tuliingia wawili na Kyllikki wa ghorofa ya pili, tukitukanana kuhusu nani anamwaga maji mengi kwenye mawe. Kyllikki alikufa kiangazi kilichopita. Nilikaa kwenye benchi la chini peke yangu, nikasema kwa sauti, "Masanduku matatu." Hakuna aliyenijibu, lakini nilisikia jinsi lilivyokuwa jambo la kijinga kulificha.

Jumatano asubuhi kisanduku cha vidonge kilikuwa kitupu. Nikavaa miwani, nikampigia mwanangu siku ya kazi.

Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Mama! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Pihla, mimi naona masanduku."

"Masanduku gani? Unahama?"

"Kwenye programu yako. Hakuna jua. Sijaona jua hata siku moja. Kuna masanduku matatu, matupu."

Nikasikia kiti kikisukumwa.

"Rudia. Taratibu."

"Matatu, yana mistari myembamba, ndani hamna kitu. Nilidhani ndio mtindo."

"Mtindo..." akarudia. "Herufi zako. Mungu wangu, zile herufi zako nene. Mimi ndiye niliyekuwekea. Zinavalisha kila herufi iliyoko kwenye ukurasa, na picha zangu ni herufi. Zimevuliwa jua zikavalishwa kitu ambacho hakina jua. Ndiyo maana unaona kisanduku. Mama, mimi ndiye niliyekuwekea!"

"Usijilaumu."

"Subiri. Umekuwa ukibonyeza lipi?"

"La juu. Kama siku zote."

"Siku ngapi?"

"Kumi na saba."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi.

"La juu ni *Sipo nyumbani*," akasema. "Mama, umewaambia siku kumi na saba kwamba umesafiri. Raila amekuja?"

"Hajaja."

"Vidonge?"

"Nilivikata nusu. Leo vimeisha."

"Mbona hukusema?" Alikuwa anapiga kelele sasa, Pihla ambaye hapigi kelele. "Kila Jumapili nakuuliza kuna habari, unaniambia hakuna! Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi," nikasema. "Walikupigia makofi."

Sikumsikia akilia, nilisikia tu pumzi yake. Kisha akasema, "Kaa hapohapo, usitoke, usipande kwenye kiti, usifanye chochote," na akakata.

Raila alifika baada ya dakika arobaini, na vidonge mfukoni mwa koti. Alinitazama mlangoni kana kwamba nimefufuka.

"We Irmeli! Mimi nilijua uko Turku unakula maisha na binti yako! Kila siku unasema ipo siku utaenda!"

"Nilikuona ukipita."

"Uliniona? Na hukugonga hata kioo?"

"Ulikuwa na haraka."

"Haraka!" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akavua koti, akakaa kwenye kiti, akanishika mkono muda mrefu kuliko kupima mapigo kunavyohitaji.

Alipokuja Ijumaa akanieleza kwamba Pihla hakuficha kitu. Alienda moja kwa moja kwa Tero, akaomba orodha ya wote waliokuwa "safarini" tangu siku ile. Walikuwa sita. Wanne walikuwa wamesafiri kweli, kwa watoto wao na mmoja Uhispania. Wa tano mimi. Wa sita mzee Aulis wa Leppävirta, ambaye mjukuu wake alimwekea herufi kama zangu. Muuguzi wa huko alimkuta jikoni amevaa kofia na koti, amekonda, kuni zimeisha ndani na yeye hajiamini tena kutembea kwenye barafu mpaka bandani. Hakulalamika. Alisema tu, "Nilidhani mmenichoka."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Yalikuwa yangu, kayasema yeye tu. Na kama ningesema siku ya kwanza, asingepata nafasi ya kuyasema.

Pihla alirekebisha siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Aliandika wazi kwenye kile kipande kwamba herufi za picha zisivuliwe, na kando ya kila picha akarudisha neno. Sehemu moja tu aligusa, ikabadilika kote. Jioni akanipigia.

"Fungua. Nisomee unachokiona."

Nikafungua. "Kuna jua," nikasema. Lilikuwa dogo, la mviringo, lenye miale minane. "Kumbe lilikuwa zuri hivi."

"Na neno lake?"

"Halijaandikwa. Kuna nafasi."

"Nimekuachia wewe. *Niko salama* ni refu, halikai vizuri na picha. Mtu anayeamka peke yake aseme nini?"

Sikufikiri sana. "Nipo," nikasema.

Akaandika. Nikaliona likitokea mbele yangu.

Kesho yake, Alhamisi, Tero alimsikiliza vizuri, akamshukuru kwa kusema ukweli, na akamwambia hataendelea naye baada ya mwezi wa pili. Kisanduku kimoja kwenye tableti ya mama yake si kosa, alisema. Kila mtu hukosea hivyo, na ukiambiwa unarekebisha ukiwa na kikombe mkononi. Lakini siku kumi na saba, mzee amekutwa hana moto, familia yake imeandika barua, hilo lazima liwe na mtu wa kulibeba. Akawa Pihla.

Mmeona basi. Si kosa lake lililomwondoa. Ni zile siku, na siku hizo nilizitengeneza mimi, moja moja, kila asubuhi, kwa kumlinda. Ndiyo sababu nawaambia. Mtoto akikuuliza umeona nini, mwambie ulichokiona. Hata kama watu wanamsikiliza. Hasa hapo.

Siku hizi Jumapili namwambia kila kitu, hata kwamba birika linavuja na kwamba nimekula soseji baridi. Yeye ndiye amekuwa hana habari. "Niko salama, mama." "Natafutatafuta kazi tu, mama." Sauti hiyo naijua, alijifunza kwangu.

Jumapili iliyopita nikamwambia, "Nitajie unachokiona mezani."

"Mama, acha."

"Taja. Mimi nilikutajia masanduku."

Nikamsikia akihesabu. Kisha akasema, "Vikombe saba. Vyote vyangu."

"Pazia?"

"Limefungwa."

"Tangu lini?"

"Sijui. Alhamisi?"

Sikumuuliza tena. Jumatatu nimeoka mkate wa iliki, nimefunga mmoja kwenye taulo. Raila amenijazia vidonge vya wiki mbili na amesema barafu ya stesheni imemwagiwa mchanga. Leo asubuhi, kabla ya saa nne, koti likiwa mwilini tayari, nimefungua programu ya mwanangu. Kidole kilitaka kwenda chini kwenye jua, kimeshazoea. Nikakipandisha juu, kwenye mlango uliofungwa, nikalisoma neno lake mara mbili ili nisikosee.

*Sipo nyumbani*.

Nikabonyeza, nikazima redio.